Mikanda ya dangarizi za kazi: kulabu, slaida au tundu la kifungo?

Mshonaji_Tabata:

Wakuu salaam. Naandaa patani ya dangarizi za kazi (suruali zenye kifua na mikanda ya begani), oda ya vipande 60. Arobaini ni za mafundi gereji, 12 za wachomeleaji na 8 za karakana ya mbao. Kitambaa ni drili (kitambaa kigumu cha nguo za kazi) ya pamba tupu, gramu 260 kwa mita ya mraba. Mikanda ya begani inakatwa kwenye drili hiyohiyo, upana wake ukishakamilika ni milimita 36. Kila mkanda una kulabu ya waya inayoingia kwenye kifungo cha jinzi kifuani, na juu yake slaida, yaani chuma chenye baa katikati cha kurefusha na kufupisha mkanda.

Sampuli zimeonyesha kasoro nne:

1. Slaida inateleza yenyewe. Ukiweka mkanda sawa asubuhi, hadi mchana kifua kimeshuka.
2. Mtu akiinama, kulabu inatoka kwenye kifungo.
3. Kifungo kinang'oka na kuacha tundu kwenye drili.
4. Baada ya kufuliwa, kitambaa kinachozunguka kifungo kinapata doa la kutu.

Ninachotaka kujua: nibadilishe vyuma, nibadilishe ushonaji, au niachane na kulabu niende kwenye bizimu za plastiki za kubana pembeni kama za mabegi? Mteja anataka nguo zote 60 zifanane kwa nje.

---

MzeeCherehani:

Mshonaji, kabla hujalaumu slaida, niambie mkanda wako umekunjwaje. Mafundi wengi hukata kipande cha milimita 92, wanakunja milimita 10 kila ukingo kwenda ndani, kisha wanakikunja katikati na kupiga mshono pande zote mbili. Mkanda wa namna hiyo upande mmoja una tabaka nne za kitambaa na upande mwingine mbili. Ukiupitisha kwenye slaida, baa ya kati inabana upande mnene tu, upande mwembamba unabaki huru. Slaida inakaa imeinama, na kila bega likisogea inatembea milimita moja moja kuelekea upande mwembamba. Shika mkanda kwa vidole viwili, utausikia unene ukibadilika.

Dawa yake haihitaji kitambaa zaidi. Kata milimita 92 hizohizo, ila shona kama mrija: pande nzuri zitazamane, mshono milimita 10 kutoka ukingoni, fungua mshono kwa pasi, geuza mrija, halafu uweke mshono katikati ya mgongo wa mkanda. Sasa unene mkubwa uko katikati na kingo mbili zinalingana. Piga mshono wa juu milimita 3 kutoka kila ukingo, na mwingine mmoja katikati ili tabaka za ndani zisijikunje zikifuliwa. Kugeuza mrija wa zaidi ya mita ni kazi, lakini ukiwa na fimbo nyembamba ya chuma yenye ndoana nchani unageuza bila shida. Kata mkanda kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Mkanda uliokatwa kwa upande wa mshindio, yaani nyuzi za upana, unavutika zaidi, na uliokatwa mshazari utakuwa mrefu na mwembamba ndani ya wiki chache.

La pili ni njia ya mkanda. Ninavyoelewa mchoro wako, mkanda unashuka, unazunguka baa ya kulabu, unapanda na kupita kwenye slaida, kisha ncha inabaki inaning'inia. Njia hiyo ina udhaifu wake. Afadhali hivi: mkanda unatoka mgongoni, unapita juu ya baa ya kati ya slaida, unashuka hadi kwenye kulabu, unazunguka baa ya kulabu kutoka mbele kwenda nyuma, unapanda, na ncha yake inashonwa moja kwa moja kwenye baa ya kati ya slaida ileile. Kunja ncha milimita 25, piga bataki (mishono mifupi iliyosongamana ya kuimarisha) mbili zinazopishana milimita 8. Hapo mzigo wa kulabu unagawanyika kwenye miguu miwili ya mkanda. Mguu mmoja umeshonwa, hauwezi kuteleza. Slaida inabaki na kazi ya kushika nusu tu ya mzigo kwa msuguano. Tena hakuna ncha inayoning'inia, jambo ambalo watu wa mbao watalihitaji sana.

Zingatia mpangilio wa kazi: slaida ivae mkanda kwanza, kulabu ifuate, ncha ishonwe mwisho. Ukishona kabla ya kuvisha kulabu, unafumua.

Tundu la slaida liwe pana kuliko mkanda kwa milimita 1 hadi 2, si zaidi. Mkanda wa 36 kwenye slaida ya 38 ni sawa. Ukiuweka kwenye ya 45 utacheza pembeni, utajikunja, na ukijikunja hakuna slaida itakayoushika. Chagua slaida yenye baa ya kati iliyokwaruzwa au yenye meno madogo. Baa laini ya waya mviringo inafaa mabegi ya mkononi.

Namna ya kupima: funga kulabu kwenye msumari ukutani, ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji kwenye ncha ya mkanda inayokwenda mgongoni, chora mstari wa chaki mahali slaida ilipo. Livute dumu kwenda chini na kuliachia mara 20. Slaida ikisogea zaidi ya milimita 5, hiyo usiipeleke kwa mteja. Rudia jaribio mkanda ukiwa umelowa, kwa sababu mtu wa gereji anatoka jasho.

---

MhunziKamukunji:

Naongezea upande wa chuma.

Kulabu inayotoka mtu akiinama, tazama umbo lake. Ina sehemu mbili: jicho pana juu, ambapo kichwa cha kifungo kinapita, na shingo nyembamba chini, ambapo shina la kifungo linakaa. Mkanda ukivuta juu, shina linakaa kwenye shingo na kichwa hakiwezi kupita. Mtu akiinama, kifua kinasogea karibu na bega, mkanda unalegea, kulabu inashuka kwa uzito wake, na kifungo kinajikuta tena kwenye jicho pana. Hapo mguso mdogo wa mkono unaichomoa.

Kwa hiyo pima vitu vitatu kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana). Kichwa cha kifungo cha kawaida cha dangarizi ni milimita 17. Jicho liwe 18 hadi 19. Likiwa 22, kulabu hiyo ilitengenezwa kwa kifungo kingine. Shingo iwe pana kuliko shina kwa milimita moja hivi, na mwanzo wake ubane kidogo, kiasi kwamba ukiingiza kifungo unasikia waya ukitanuka na kurudi. Kulabu zisizo na mbano huo ndizo zinazotoka. Unaweza kuzibana kwa koleo, lakini kwenye kulabu 120 hutapata kipimo kimoja, ni bora uzikatae dukani.

Nenda dukani na kifungo chako mfukoni. Kulabu na kifungo vinunuliwe kama jozi. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi sokoni: kulabu kutoka kwa muuzaji mmoja, kifungo kutoka kwa mwingine, vyote vinaitwa "saizi ya kawaida".

Waya wa kulabu uwe na kipenyo cha milimita 2.5 au zaidi kwa nguo ya mtu mzima. Kulabu za kumimina za aloi ya zinki zinang'aa vizuri na zina uzito mkononi, ila hukatika ghafla shingoni zikipigwa pigo au zikikanyagwa. Waya wa chuma hujikunja kwanza, unaona hatari mapema na unaunyoosha. Kwa nguo ya kazi nachagua waya kila siku.

Kutu: beba sumaku. Ikishika kwa nguvu, ndani kuna chuma cha kawaida kilichopakwa, na doa lako linatoka pale rangi ya juu ilipochubuka. Kifungo kinachubuka mahali pawili, kwenye shina linapokwaruzwa na kulabu na kwenye msumari wa nyuma uliopigwa nyundo. Brasi haishiki sumaku wala haitoi kutu nyekundu, ingawa huweza kuacha kijani kidogo jasho likikaa. Lakini kichwa kinaweza kuwa cha brasi na msumari wa nyuma ukawa chuma, kwa hiyo jaribu vyote viwili kila kimoja peke yake. Kisha weka vifungo vitatu kwenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, usiku mzima. Vitoe, vifunge kwenye kitambaa cheupe kibichi mchana kutwa. Doa likionekana hapo, litaonekana pia kwenye nguo. Nguo zikienda Tanga, Mombasa au popote penye hewa ya bahari, jaribio hili usiliruke.

---

Bi_Kiwandani:

Kifungo kung'oka ndiyo kasoro ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote, maana slaida unairekebisha, lakini tundu kwenye kifua cha nguo ni kiraka au nguo mpya.

Kifungo cha jinzi hakishonwi. Kuna kichwa mbele na msumari nyuma, na msumari ukigongwa ncha yake inajikunja ndani ya kichwa. Nguvu yake yote inategemea kitambaa kilichobanwa kati ya vipande hivyo viwili. Kwenye drili ya gramu 260, tabaka mbili ni kama milimita moja tu. Hapo msumari unapata kitu chembamba cha kubana, kifungo kinacheza, na kila kinapocheza kinatanua tundu lake. Baada ya muda nyuzi zinapasuka kuzunguka msumari na kifungo kinatoka kizima, msumari bado ukiwa ndani yake. Ukiona hivyo, ujue kitambaa ndicho kilichoshindwa, kifungo hakina kosa.

Jenga unene. Pale kifungo kitakapokaa panahitaji milimita 2.5 hadi 3 za kitambaa kilichobanwa. Mpangilio wangu kutoka mbele kwenda nyuma ni huu: drili ya mbele, kipande cha kanvasi cha milimita 50 kwa 50, kipande kingine cha drili cha ukubwa huohuo kilichogeuzwa ili mtande wake ukatane na mtande wa mbele, halafu drili ya nyuma ya kifua. Vipande vya ndani vishikwe kwa mshono wa mraba kabla kifua hakijafungwa. Usitegemee gundi ya pasi peke yake kuvishika, kwa sababu nguo ya gereji inafuliwa kwa maji ya moto na sabuni kali, gundi inaachia na vipande vinakusanyika chini.

Mahali pa kifungo: kitovu chake kiwe milimita 30 chini ya ukingo wa juu wa kifua, na milimita 25 hadi 30 kutoka ukingo wa pembeni. Kikiwa juu zaidi, tuseme milimita 15, kulabu haipati kitambaa cha kuegemea, inainama nje juu ya ukingo na kuvuta kifungo kama mtu anayeng'oa msumari ukutani. Kasoro yako ya 2 na ya 3 zinaweza kuwa zinatoka hapohapo.

Tundu litobolewe kwa msharasi, chuma chenye ncha kali cha kutobolea. Mkasi au kitoboleo cha ngozi hukata nyuzi, na kila uzi uliokatwa ni mwanzo wa mchaniko. Msharasi unazisukuma kando, zinarudi kuubana msumari. Kipenyo cha msumari ni kidogo, kwa hiyo tundu la milimita 2 linatosha.

Urefu wa msumari uendane na unene. Mfupi haufiki kujikunja vizuri, kifungo kinatoka kwa mkono. Mrefu mno unaota kinundu usoni mwa kifungo au unalala pembeni na kifungo kinakaa upande. Gonga kimoja kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka zilezile, kisha ukipasue kwa koleo uone ncha imejikunjaje. Ikiwa imejikunja imara ndani ya kichwa, umepata. Tumia kalibu yake, yaani vyuma vya kushikia kifungo na msumari wakati wa kugonga, chini na juu. Ukigonga juu ya ubao au zege bila kalibu, kichwa kinabonyea na msumari unaenda upande. Pigo moja zito linafaa kuliko mapigo matano mepesi, kwa sababu kila pigo jepesi linaubadilishia msumari mwelekeo.

Chagua kifungo chenye shina linalocheza, yaani kichwa kinachoweza kuinama na kuzunguka. Kwenye jinzi ya kawaida haijalishi sana, lakini kwenye dangarizi kulabu inavuta kwa pembe tofauti kila bega linapogeuka. Shina lisilocheza linapeleka mzunguko wote kwenye kitambaa.

Kupima: dumu la lita 10 lililojaa maji lining'inie kwenye kifungo kwa kutumia kulabu yenyewe, dakika moja. Kisha tazama nyuma. Ukiona mwanga kuzunguka msumari, ongeza tabaka.

Uzi wa mikanda na viungo uwe wa poliesta tiketi 40 (namba ya unene wa uzi), sindano 110/18, urefu wa mshono milimita 3. Wapo wanaobana mshono hadi milimita 1.5 wakidhani wanaongeza nguvu. Wanatoboa kitambaa mstari mzima, na kinachanika kwenye matundu yao wenyewe. Mgongoni, mahali mikanda inapoungana na kiuno, ingiza mkanda milimita 40 ndani na upige mraba wenye msalaba ndani yake, milimita 30 kwa 30. Riveti unaweza kuongeza kwenye kona, na kazi hiyo ina historia yake: Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Nevada, pamoja na Levi Strauss, walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya riveti za nguo tarehe 20 Mei 1873, kwa lengo hilohilo la kuimarisha sehemu zinazovutwa. Lakini riveti iwe juu ya mshono mzuri. Ikiwa peke yake, kitambaa kinachanika kuizunguka.

---

Mshonaji_Tabata:

Shikamoo Mzee, na asante Bi Kiwandani na fundi wa Kamukunji. Mikanda yangu imekunjwa hasa kama Mzee alivyosema, na kifungo kiko milimita 18 kutoka juu. Hapo nimepata pa kuanzia.

Bado swali la bizimu za plastiki. Kwa wachomeleaji nahisi hazifai, lakini karakana ya mbao je? Mteja anasema zinafunguka haraka mtu akinaswa.

---

MzeeCherehani:

Marahaba mwanangu. La plastiki nawaachia wa usalama.

---

KingaKazini:

Mshonaji, oda yako ni ya kazi tatu na kila moja ina hatari yake. Ninaelewa mteja anataka zifanane, lakini kifungio ndicho sehemu ya mwisho ya kulazimisha kufanana.

Karakana ya mbao. Hoja ya kwamba inafunguka haraka haina uzito kwenye mashine inayozunguka. Randa, msumeno wa duara au mashine ya kutoboa ikishika kitambaa, mtu hapati hata sekunde ya kubonyeza bizimu. Kinga ni kutonaswa. Kiwango cha Ulaya cha EN 510, kinachohusu nguo za watu wanaofanya kazi karibu na sehemu zinazozunguka, kinafuata msingi huo: nguo ibane mwili, vifungio vifunikwe, pasiwe na kitu cha kuning'inia. Dangarizi yenye mikanda begani si nguo ya kwanza ningeipendekeza hapo. Bwelasuti (vazi moja la kazi la suruali na shati) yenye zipu iliyofunikwa na mikono inayobana kiwikoni au kifundoni ni salama zaidi. Mteja aking'ang'ania dangarizi, basi fuata muundo wa Mzee wa ncha kushonwa kwenye slaida, na ufunike kulabu kwa kifuniko cha kitambaa. Bizimu ya plastiki ya kubana pembeni ina tatizo jingine kwa watu hawa: vumbi la mbao linaingia ndani ya tundu lake na kushindilia nyuma ya meno, hivyo meno hayafiki mwisho. Unasikia mlio, unadhani imefunga, kumbe jino moja tu ndilo limeshika.

Wachomeleaji. Cheche ni chuma kilichoyeyuka. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi joto kama 1,500 za Selsiasi. Plastiki nyingi za bizimu, ziwe asetali au nailoni, zinayeyuka kati ya 165 na 260. Haina haja ya hesabu zaidi. Mikanda ya nailoni nayo iondoke, inayeyuka na kuganda ngozini. Drili yako ya pamba tupu ni mwanzo mzuri, ingawa kwa uchomeleaji mzito inatakiwa iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Uzi wa poliesta kwenye mishono ya nje nao unayeyuka, kwa hizo 12 tafuta uzi wa pamba mzito au wa aramidi, aina ya uzi unaostahimili moto.

Chuma nacho kina masharti yake. Msumari wa kifungo unapita kutoka nje hadi ndani. Ukipata joto mbele, unaupeleka kifuani, na kwa mchomeleaji wa umeme ni njia ya umeme pia. Kiwango cha ISO 11611 cha nguo za uchomeleaji hakitaki chuma kitengeneze njia ya umeme kutoka nje hadi ndani ya nguo. Kwa hiyo gonga kifungo kwenye tabaka za mbele, kisha ndiyo ushone drili ya nyuma ya kifua, ili msumari ubaki umefunikwa. Mpangilio wa Bi Kiwandani unabadilika kidogo tu: tabaka ya mwisho inakuja baada ya kugonga, na unene unaoupoteza unaurudisha kwa kuongeza kipande kimoja cha kanvasi. Mbele weka kifuniko chenye mdomo unaotazama chini. Kikitazama juu kinakuwa mfuko wa kukusanyia cheche.

Gereji. Hatari kubwa hapa ni kwa gari la mteja. Fundi anaegemea bawa la gari na kulabu mbili za chuma kifuani, rangi inachubuka. Kifuniko cha milimita 60 kwa 80 kinachoshuka juu ya kila kulabu kinatatua. Kishikwe chini kwa kipande cha velkro cha milimita 20 kwa 20, upande laini ushonwe kwenye kifua na wa ndoana kwenye kifuniko, ili kifuniko kikiwa wazi ndoana zisikwaruze nguo ya ndani. Velkro isipewe kazi ya kushika mkanda wenyewe. Ina nguvu ikivutwa kwa ulalo, ikibanduliwa kutoka ncha moja inaachia, na grisi ikiingia kati ya ndoana ndiyo mwisho wake. Wanaoshughulika na betri, au wanaoingiza mikono karibu na nyaya zenye umeme, nao wanahitaji chuma kifunikwe.

Utaona kwamba kifuniko kinahitajika kwenye kazi zote tatu. Basi hapo ndipo nguo zako 60 zitakapofanana kwa nje, na ndani kila kundi likapata chake.

---

MamaDrili:

Nakubaliana na KingaKazini kuhusu plastiki, naongeza sababu ya nyumbani. Nguo hizi zinapigwa pasi ya mkaa. Ikipita juu ya bizimu mara moja tu, meno yamepinda. Na bizimu iliyovunjika jino haitengenezeki, huku kifungo cha mashimo manne kinashonwa na mtu yeyote mwenye sindano.

Ndiyo maana kwa wale 12 wa uchomeleaji ningeondoa kulabu kabisa. Weka tundu la kifungo kwenye mkanda. Mkanda wa milimita 36 unabeba kifungo cha milimita 20 bila taabu. Urefu wa tundu ni kipenyo cha kifungo ukijumlisha unene wake. Kifungo cha 20 chenye unene wa 3 kinataka tundu la 23. Tundu lilale kwa urefu wa mkanda na liwe na jicho la mviringo upande wa nchani, mahali kifungo kitakapotulia kikivutwa. Ukililaza kwa upana, mkanda ukilegea linafunguka na kifungo kinatoka. Weka matundu matatu, kitovu hadi kitovu milimita 40. La mwisho lisikaribie ncha ya mkanda chini ya milimita 25. Tia kanvasi ndani ya mkanda sehemu hiyo kabla ya kutoboa. Tundu lililoshonwa kwenye tabaka mbili tupu linavutika na kuwa refu.

Kifungo kishonwe na shingo ya uzi ya milimita 4, na nyuma ya kitambaa weka kifungo kidogo cha kupokea mzigo. Bila shingo, mkanda mnene hauna pa kukaa, unakisukuma kifungo na kukata uzi.

Kuhusu kulabu kutoka mtu akiinama, hakuna aliyetaja lastiki. Weka lastiki ya kufumwa upana wa milimita 38 mgongoni, sentimita 10 zinazoonekana kwenye kila mkanda, chini ya pale mikanda inapopishana. Mtu akiinama lastiki inavuta ule ulegevu, kulabu haishuki. Ishonwe kwa kuingia sentimita 2 kila upande, bila kuivuta wakati wa kushona. Kwa wachomeleaji ifunikwe kwa mrija wa drili wenye mikunjo. Mikanda ipishane sentimita 12 hadi 15 chini ya shingo, na mahali pa kupishana pashikwe kwa mraba. Ikishuka sambamba bila kupishana, inateleza mabegani kwa mtu mwenye mabega ya mteremko.

---

Bi_Kiwandani:

Dada MamaDrili, lastiki naikubali, ila uwaambie wateja isichemshwe. Maji ya kuchemka na pasi vinaiua, ikishakufa mkanda unaongezeka urefu na slaida inalaumiwa bure. Mahali ambapo nguo zinachemshwa, acha lastiki, tegemea kulabu yenye mbano na urefu wa kifua.

---

Mshonaji_Tabata:

Nimeelewa. Kulabu kwa 48, matundu ya kifungo kwa 12, kifuniko kwa zote. Nisaidieni hesabu ya manunuzi nisipungukiwe katikati ya kazi.

---

Bi_Kiwandani:

Kulabu na slaida: nguo 48 mara mbili ni 96 za kila aina. Nunua 102.

Vifungo vya jinzi: viwili vya kifuani na vinne vya kiunoni, viwili kila upande, ni 6 kwa nguo. Nguo 48 zinataka 288. Hapa ongeza asilimia 10, kwa kuwa misumari hupinda wakati wa kugonga, nunua 320. Zile 12 zinataka vifungo 72 vya mashimo manne vya milimita 20, na vidogo 72 vya nyuma. Usichukue vya plastiki nyepesi vinavyolainika kwa pasi. Kuna vya melamini (aina ya plastiki ngumu), ni vigumu na havilainiki kwa joto la pasi.

Mikanda: kila mmoja urefu wa sentimita 110, upana wa kukata milimita 92. Kwenye drili ya upana wa sentimita 150, ukitoa kingo, unapata mikanda 15 kwa kila urefu mmoja wa mita 1.1. Mikanda 120 ni urefu nane, yaani mita 8.8. Chukua mita 9.9 ili upate urefu mmoja wa akiba. Ukipanga patani vizuri, mingi ya mikanda hii itatoka kwenye nafasi kati ya miguu ya suruali, lakini usikiuke mtande ili kubana kitambaa.

Lastiki: sentimita 14 kwa kila mkanda, pamoja na zinazoingia kwenye mshono. Mara 120 ni mita 16.8; nunua 18. Velkro ya milimita 20: vifuniko 120, mita 2.4 za kila upande.

Misumari ya vifungo inunuliwe baada ya kushona kifua kimoja kamili na kukipima unene kwa kalipa, sehemu ya kifuani na ya kiunoni kila moja peke yake. Kiunoni tabaka ni chache, huenda ukahitaji urefu mwingine wa msumari.

---

MhunziKamukunji:

Na kwenye kulabu 102, fungua mfuko dukani, chukua 10 kutoka chini, katikati na juu, uingize kifungo chako kwenye kila moja. Mifuko huchanganywa.